Godoro la Jaji Nozibele

Miaka kumi na tisa nilimchapia Jaji Nozibele Gqirana hukumu zake, na sikumpenda hata siku moja. Binti wa dobi wa Engcobo. Alipoanza uwakili, wanaume walimtuma chai; alipopata ujaji, alitutuma sisi, tena akaimwaga ikiwa imepoa. Ila kazi aliijua, hilo simnyimi.

Mwalimu mmoja, Nokwakha, alifiwa na mume wakati wa mitihani. Akakaa nyumbani godoroni akiomboleza siku kumi hadi maziko, kama mjane yeyote kwetu. Shule ikamfukuza, naye akaishtaki. Jaji Nozibele akasoma hukumu bila kupepesa jicho: “Mila ni hiari. Kazi haimsubiri aliyeketi godoroni.” Nokwakha aliangua kilio, askari wakamtoa. Mimi nilichapa, nikaona aibu, nikachapa.

Miaka sita baadaye mume wa Jaji akafa Jumapili. Maziko Jumamosi. Na Alhamisi ilikuwa usaili wa ujaji mkuu wa jimbo, kiti alichokililia maisha yote.

Nilimkuta godoroni, kajifunika blanketi. Akanituma niliombe jopo la usaili limsubiri wiki mbili tu. Jibu lilikuja siku hiyo hiyo, mistari miwili. Nikamsomea: “Mila ni hiari. Kazi haimsubiri aliyeketi godoroni.”

“Nani kaandika upuuzi huu?”

“Wewe, Mheshimiwa. Mimi nilichapa tu.”

Mkuki kwa nguruwe. Akaomba viatu vyake.

Wifi yake, Nomvuzo, alikuwa kasimama mlangoni, kasikia yote. “Makoti,” akamwita, ndivyo tunavyomwita mke aliyeolewa ukooni, “kaka yangu yuko mochwari, wewe unakwenda kutafuta cheo?”

“Nitarudi jioni, wifi.”

“Kwa nani?”

Akaenda. Nilikaa nyuma yake ukumbini. Mzee wa jopo alivua miwani, akamtazama kwa huruma ya uongo. “Mama, mumeo hajazikwa, nawe uko hapa. Mtu asiye na moyo tumkabidhije jimbo zima?”

Jaji akainuka, akatoka. Kiti akapewa mwingine.

Tuliporudi lango lilikuwa na kufuli. Godoro lilikuwa nje, kwenye vumbi, na blanketi limekunjwa juu yake. Ndani wanawake walikuwa wanaimba.

“Wifi,” aliita. “Nifungulie nimlilie mume wangu.”

“Mila ni hiari, makoti,” Nomvuzo akajibu toka ndani.

Miaka sita nilikuwa nimengoja kumcheka. Jaji akaketi pale nje godoroni, na suti yake. Nikavua viatu, nikaketi naye.