Mkaguzi kamuuliza bibi, nesi kajibu

Jamani, leo wodini nimeumbuka.

Wakaguzi wamekuja hospitali aliyolazwa bibi yangu, huku kwetu Shinyanga. Mmoja akamwinamia:
"Shikamoo bibi. Wanakuhudumia vizuri?"

Bibi Kiswahili kinampiga chenga. Akajibu kwa Kisukuma kwamba juzi alichomwa sindano ya mgonjwa wa kitanda cha jirani, akazimia.

"Anasemaje?" mkaguzi akauliza.

Nesi akawahi kutafsiri. Nesi yule yule aliyemchoma!
"Anasema anashukuru sana."

Mkaguzi akatabasamu, akaandika, akasogea kitanda kingine.

Na mimi nimesimama pale pale na chupa ya uji. Nikajifanya nahangaika na kifuniko. Sindano ya jioni si atachoma huyo huyo?

Walipotoka, bibi akanishika mkono.
"Mjukuu wangu, wamesema watafanya nini?"

Hebu niambieni, nimjibu nini?