Saa Zilizopanda Ghafla

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, anachambua miali ya gama. Akili hiyo kairithi kwangu, ingawa mimi niliishia darasa la saba nikawa fundi wa kuchomelea. Tangu utotoni hapendi uchafu. Akipepeta mchele huoni pumba hata moja. Mara nyingine na mchele wenyewe huuoni.

Huko mbali sana kuna wingu la gesi na vumbi ambamo nyota huzaliwa. Nyota changa zina hasira za kitoto: zinalipuka ghafla, kisha zinatulia. Yeye anataka kujua kama zikilipuka hutoa miali ya gama, ambayo ni mwanga wenye nguvu kuliko mwanga wowote. Darubini iliyo kwenye setilaiti imehesabu miali ya upande ule kwa miaka kumi na mitano. Yeye anaipekua kwenye kompyuta. Miaka miwili ametoka kapa. Profesa wake akamwambia wazi: Ijumaa ikifika bila kitu, utafiti unafungwa.

Alhamisi asubuhi nilikuwa ofisini kwao nachomelea bawaba za mlango. Nikamkuta kajikunyata kama kuku aliyenyeshewa.

"Mjomba, nyota zimeninyima."

"Zimekununia. Tabia za mama yako hizo."

"Leo sitaki mzaha."

"Na mimi sina shule. Nieleze polepole, unaanzaje?"

Akaeleza. Kwanza anasafisha hesabu. Jua letu nalo hulipuka na kuchafua vipimo, kwa hiyo programu yake hutupa kila saa ambayo hesabu imepanda ghafla.

"Kila saa?"

"Kila saa. Ndio usafi wenyewe huo."

"Na hao watoto wako wakilipuka, hesabu inafanyaje?"

"Inapanda gha..."

Akaniangalia.

"Mjomba, usicheke."

"Nani anacheka? Ni moshi huu."

Hakunisikia. Vidole vilikuwa vinakimbia kwenye kibodi. Safari hii akatupa tu zile saa ambazo Jua lenyewe lilijulikana kulipuka. Zikarudi saa arobaini na moja. Akazipanga pembeni ya milipuko ambayo darubini nyingine iliiona kwenye wingu lile. Adhuhuri palitokea kinundu kwenye mchoro, kidogo kama chunusi: miali ilizidi pale nyota zilipolipuka.

Akamwita profesa. "Kosa ni langu," alimwambia kabla hajaulizwa. "Nilikuwa natupa nilichokuwa nakitafuta."

Profesa alivaa miwani, akaivua, akaivaa tena. "Inaweza kuwa bahati tu. Haitoshi kutangaza."

Mpwa wangu akauinamia mchoro.

"Lakini haitoshi kufunga pia," akaongeza profesa. "Chukua mwaka mwingine. Na usiitupe saa yoyote bila kuiangalia kwa macho yako."

"Saa zote za miaka kumi na mitano?" nikadakia. "Huyu atazeeka!"

"Mjomba, shika kazi yako," mpwa wangu akasema, huku meno yote nje.

Akavuta kiti, akafungua mwezi wa kwanza wa mwaka wa kwanza, akaanza saa ya kwanza, taratibu, huku akipiga mluzi.