Benchi la Dakika Kumi

Katika hoteli ya Sylvia Navalayo, pale Malava, mtu mmoja tu ndiye aliyeruhusiwa kumlalamikia refa. Wengine wote, wawe na hasira ya namna gani, walitakiwa kunyamaza. Aliyevunja kanuni hiyo alionyeshwa kadi ya manjano, akatoka nje kukaa kwenye benchi kando ya jiko la mkaa kwa dakika kumi, kisha akarudi.

Refa mwenyewe, bila shaka, alikuwa ndani ya televisheni, mbali kabisa na Malava. Watu walimweleza Sylvia jambo hilo mara nyingi, kana kwamba hakulijua. Jibu lake lilikuwa moja.

"Yeye hasikii. Mimi nasikia."

Kanuni hiyo aliitoa kwenye raga. Huku kwetu Kabras raga si mchezo wa wageni. Kuna vijana wanaoacha jembe katikati ya mstari wa miwa wakikimbilia mazoezini. Sylvia aliicheza akiwa msichana wa sekondari, na alipoolewa na kupata mtoto wake, Lynette, akawa refa wa mechi za shule za wasichana. Katika raga, anayesema na refa ni kapteni peke yake, tena kwa heshima. Mijitu yenye shingo kama za mafahali husimama mbele ya refa mfupi, mikono nyuma, ikaambiwa makosa yake, ikajibu, "Ndiyo, madam." Mwenye kosa kubwa hutolewa nje dakika kumi ili damu ipoe, halafu hurudishwa, na hakuna anayemkumbusha.

Siku moja alikuwa akichezesha mechi ya wasichana katika uwanja ambao hapa sitautaja. Mzazi mmoja alimwita kipofu. Wa pili akamwita mwizi. Watu wakacheka, kwa kuwa maneno, wasema, hayavunji mfupa. Wa tatu akamtukana mama yake. Wa nne alikuwa ameshika jiwe. Sylvia alipoteza jino la mbele siku hiyo, na pengo hakuliziba. Hucheka nalo wazi.

"Lile jiwe halikuja peke yake," huwaambia watu. "Lilitanguliwa na mdomo."

Televisheni aliinunua kwa sababu wateja walitaka kandanda, hasa mechi za nchi na nchi. Yeye aliitazama kandanda kama mtu anavyohudhuria arusi ya jirani: kwa adabu, bila kuingia kwenye ngoma. Kuna mambo aliyokataa kuyaelewa.

"Huyu ameguswa bega," aliuliza. "Mbona ameshika goti?"

"Mama Lynette, hiyo ndiyo mpira," walimjibu.

"Mwambieni ainuke. Mama yake anamwona."

Wala mpira wenyewe hakuufuata kwa macho. Alimtazama refa: amesimama wapi, anaona nini, nani amemziba. Wachezaji walipomzunguka refa wakimpungia mikono usoni, Sylvia alijishika mdomo palipokuwa na jino.

Hapo ndipo alipoleta kanuni. Kabla ya kila mechi, watazamaji walimchagua kapteni. Karibu kila mara alichaguliwa Chrispinus, fundi wa nguo wa mtaa ule, mtu mwembamba mwenye sauti nzito. Jambo likitokea, watu walimnong'oneza Chrispinus, naye akasimama, akavuta koti, akaikabili televisheni.

"Bwana refa, kwa heshima na taadhima, watu wangu wanasema yule hakuotea."

"Kapteni, ongeza ya kwamba ni mara ya pili," mtu alinong'ona.

"Na wanasema ni mara ya pili, bwana refa. Tumemaliza."

Akakaa. Watu walicheka hadi wakamwaga chai. Walianza kwa mzaha, wakazoea. Wake walikuja na waume zao, jambo lisilokuwapo katika kibanda cha ng'ambo ya barabara, ambako matusi yalikuwa sehemu ya kiingilio. Hata mchungaji mmoja aliwahi kupewa kadi, kipande cha plastiki ya manjano kilichokatwa kwenye mtungi wa mafuta ya kupikia, akaenda kwenye benchi akicheka, akala hindi la kuchoma hadi dakika zake zikaisha.

Lakini hoteli haikuishi kwa mpira. Iliishi kwa wakataji miwa. Msimu hadi msimu, Sylvia na mpishi wake Emily, msichana kutoka Likuyani, walipika chakula cha mchana cha kikosi cha mkandarasi aliyeitwa Philip Lusweti: obusuma, yaani ugali, maharagwe, na siku za malipo, ingokho, kuku wa kienyeji. Kazi hiyo ndiyo iliyolipa kodi ya nyumba na karo ya Lynette, na ndiyo iliyomweka Emily mjini.

Jioni ya mechi ninayoisimulia, Kenya ilikuwa inacheza na timu ya nchi nyingine, na hoteli ilijaa hadi mlangoni. Lusweti aliingia na wageni wawili, akapewa kiti cha mbele.

"Mama Lynette, Jumatatu tunaingia shambani," alisema. "Kuna mwingine ameniomba hii kazi ya chakula. Lakini wewe ni mtu wangu. Mpira ukiisha tunaongea, tunamaliza."

"Asante, bosi. Emily ameshaazima sufuria kubwa."

"Naona. Naona hata mmeanza kunona," alisema Lusweti, na wote wakacheka, Emily zaidi ya wote.

Lusweti si mtu mbaya. Huwalipa watu wake kwa wakati, na kanisani hutoa. Lakini ni mmoja wa wale waliozoea kwamba wanapoingia mahali, kanuni za mahali hapo husimama na kuwapisha.

Mechi ilikuwa sare hadi karibu na mwisho. Mshambuliaji wa wageni akaingia ndani ya boksi, akamwona beki wetu, akaruka kama aliyekanyaga nyoka, akaanguka. Refa akapuliza penalti.

Hoteli iliguna kwa pamoja. Watu wakamgeukia Chrispinus, naye alikuwa ameanza kusimama na kuvuta koti. Lusweti akamtangulia.

"Mwizi," alisema kwa sauti. "Huyu amekula pesa. Ona uso wake." Kisha akamtaja mama wa refa, na alichosema juu yake siwezi kukiandika. Kulikuwa na wanawake na watoto ndani.

Sylvia alipita katikati ya viti, akatoa kadi kwenye mfuko wa aproni, akaiinua.

"Bosi, benchi. Dakika kumi."

Watu wakacheka kidogo, wakidhani ni mzaha wa kumstahi. Lusweti naye alicheka.

"Mimi? Mama Lynette, hata wewe umeona. Hakuguswa yule."

"Nimeona. Refa amekosea. Alikuwa amezibwa, hakuona mguu. Lakini atakayemwambia ni kapteni. Na mama yake hajapuliza filimbi."

"Hii ni mpira, mama. Si hiyo raga yenu ya kulaliana."

"Hii ni hoteli yangu."

"Basi nitatoka hii ikishapigwa."

"Unatoka sasa. Hata pasta alitoka."

"Mimi si pasta."

"Tumesikia," alisema Sylvia.

Katika raga, mchezaji akikataa kutoka, refa husimamisha saa. Hakuna kinachoendelea mpaka atoke. Sylvia alifanya hivyohivyo. Mchezaji wa wageni alikuwa ameuweka mpira kwenye alama na anarudi nyuma hatua zake, Sylvia alipochukua rimoti na kuzima televisheni.

"Saa imesimama," alisema. "Bosi akitoka, inaendelea."

Waliokuwapo huwa hawakubaliani juu ya yaliyosemwa baada ya hapo, kwa kuwa kila mtu alisema. Walimsihi, wakamkemea. Mmoja alisema mwanamke hajui mpira. Chrispinus aliomba kunena kama kapteni, na hakuna aliyemsikia. Emily alisimama mlango wa jikoni na mwiko mkononi, akimwangalia Sylvia kama mtu anayeangalia moto upande wa paa lake. Hakuna hata mmoja, katika umati ule wote, aliyemwambia Lusweti neno dogo ambalo lingemaliza jambo: toka.

Ndipo kelele ikatoka ng'ambo ya barabara. Kibanda kizima kiliruka, viti vikaanguka, filimbi na vuvuzela zikalia. Kipa wetu alikuwa ameidaka penalti.

Watu wa Sylvia walikuwa wakitazama kioo cheusi.

Walitoka wakisukumana, wakavuka barabara kwenda kuona marudio. Lusweti alikuwa wa mwisho. Alisimama mlangoni, karibu kabisa na lile benchi.

"Saa yako ndiyo imesimama, mama," alisema, na akaenda.

Jumatatu wakataji miwa walikula chakula cha mtu mwingine.

Wiki iliyofuata mchungaji, yuleyule wa hindi la kuchoma, alimjia Sylvia na ujumbe. Lusweti alikuwa amepoa. Alikuwa tayari kurudisha kazi. Alichotaka ni kwamba mama aende shambani saa ya chakula, aseme mbele ya kikosi kwamba alimkosea bosi.

"Nilimkosea nini, pasta?"

"Mama, samahani ni neno tu."

"Hata tusi lilikuwa neno tu. Mwambie sina ugomvi naye. Dakika kumi zake ziko hapo kwa benchi. Aje akae, ainuke, nimpakulie chai mwenyewe, na sitakumbusha mtu."

"Unajua hawezi kuja kukaa hapo watu wakimwona."

"Wewe ulikaa."

Mchungaji akaomba chai.

Emily ndiye aliyesema maneno magumu zaidi, na inafaa yaandikwe, maana alikuwa na haki ya kuyasema.

"Auntie, ni dakika kumi tu. Kwa sababu ya dakika kumi tunakosa msimu mzima?"

"Na wewe umeona hivyo," Sylvia alimjibu. "Ni dakika kumi tu. Mbona zimemshinda?"

"Wewe unakulanga heshima, auntie. Mimi nakulanga obusuma."

Sylvia hakumkaripia. Alimpa sufuria ndogo mbili aondoke nazo, na nauli.

Nimewasikia wengi hapa mjini wakisema kwamba alikuwa na kiburi, kwamba mpira ni hisia na mtu hushindwa kujizuia. Ulevi pia ni hisia. Mtu anayemtukana mama wa refa asiyemjua hakufundishwa hayo na mpira. Mpira umempa nafasi tu, na sisi tulioketi kando yake tukicheka ndio tuliompa jiwe. Wanasema pia refa alikosea, kana kwamba hilo lilibadilisha kitu. Kanuni inayowalinda waamuzi wasiokosea tu haimlindi yeyote. Na wanasema angemsamehe bosi kwa sababu ya chakula cha watu. Kama bosi angesamehewa, mchungaji alikalishwa nje kwa nini? Kwa umaskini wake?

Benchi bado lipo kando ya jiko. Kadi ya manjano imetundikwa ukutani kwa msumari, juu ya televisheni. Mechi za kimataifa zikionyeshwa, Chrispinus huja na koti lake, hukaa peke yake mbele, na akiona kosa husimama na kuvuta koti.

"Bwana refa, kwa heshima, watu wangu wanasema..."

"Watu gani?" Sylvia humwuliza kutoka jikoni.

"Wapo njiani, madam."

Hawapo njiani. Kanuni ile ilimgharimu Sylvia Navalayo kazi ya kuwalisha wakataji miwa na watazamaji wake wote isipokuwa mmoja. Lynette alihamishwa shule kwa sababu ya karo. Emily alirudi kwao Likuyani, na hadi sasa hana kazi.