Kabla ya Kuwasha Feni

Fundi wa mitambo wa jengo letu hukumbukwa joto likizidi, kama mwavuli unavyokumbukwa mvua ikinyesha. Mimi mlinzi ndiye ninayemfungulia mlango wa paa, kwa hiyo namjua kwa mikono: viganja vipana vyenye grisi iliyoganda kwenye mistari, na kidole gumba kinachobonyeza mkanda wa feni kuona kama umelegea. Feni yenyewe ni kubwa, ndiyo inayosukuma hewa baridi ofisini kote, na chumba chake hakiingiwi ila kwa kuinama. Fundi hufanya kazi peke yake. Hata hivyo, kila akimaliza, kabla hajagusa swichi, huchungulia mle ndani na kuita, "Umetoka?" Kisha hungoja. Wapangaji husema ana jini lake.

Juzi mchana mhasibu wa ghorofa ya juu alipanda mwenyewe, jasho likimtiririka. "Fundi, washa basi, tunaungua. Humo hamna mtu. Unamwita nani?"

"Mdogo wangu," alijibu, huku akifuta mikono kwa kitambaa. "Siku ile niliwasha bila kuuliza."

Fundi akaita tena, akangoja. Halafu akachukua tochi, akainama, akaingia, akamulika kila kona mpaka nyuma ya mota. Alipotoka alijipangusa magoti, akafunga mlango taratibu.

"Hayumo," akasema, ndipo akawasha feni.