Babu na Makabidhiano ya Makaratasi

Wiki iliyopita nilipanda ngazi za jengo moja pale mjini Mwanza kwenda kukiona chumba kipya cha kutunzia kumbukumbu za Kanda ya Ziwa, na nilizishuka ngazi hizo hizo nikiwa nimefura. Kijana mpole wa pale alinitolea bahasha ya makaratasi ambayo familia yetu iliyapeleka baada ya Bibi kufariki. Akaniambia kwa adabu zake zote, "Shikamoo mama. Haya ndiyo yenu, ila kwa kweli yamechoka. Yana mafuta kila mahali. Inaonekana huko nyumbani hayakutunzwa vizuri."

Hayakutunzwa vizuri! Nilitamani nimwambie avute kiti tukae tuongee mpaka jioni. Lakini ni mtoto wa watu, kosa si lake, nikabeba hasira zangu hadi nyumbani. Basi utazipokea wewe, maana nikikaa nazo peke yangu sitalala.

Sisi tulikulia Ilemela, kule juu kwenye mawe. Nyumba ya Babu ilibanwa kati ya majabali mawili. Ukitoka mlangoni unaliona ziwa lote chini, na meli ya kutoka Nansio ikipiga honi Bibi alikuwa anaacha anachofanya na kusikiliza, kwa sababu Nansio, kisiwani Ukerewe, ndiko walikotoka yeye na Babu. Babu alikuwa karani wa chama cha ushirika cha pamba, kwanza huko huko Ukerewe, halafu akahamishiwa ofisi ya mjini. Kazi yake ilikuwa kutunza makaratasi ya vituo vyote vya kununulia pamba: mihtasari ya mikutano, taarifa za mvua, barua za wakulima wanaolalamikia mizani, picha za siku ya kufungua ghala. Mtu aliyetaka kujua watu wa ziwani waliishije kabla yetu angeanzia humo.

Halafu zikaja siku za soko huria. Wanunuzi binafsi wakaingia vijijini na malori yao, ushirika ukaishiwa nguvu, na jengo la ofisi likapangishwa kwa mtu wa mitumba. Meneja akamwita Babu akamwambia ayachukue makaratasi akayaweke nyumbani kwa muda, mpaka atakapokuja mtu wa kuyapokea. Meneja alisema hivyo ili chumba kibaki wazi tu, na nadhani alishasahau kabla mkokoteni haujafika Ilemela. Lakini Babu alikuwa mtumishi wa zamani, na kwa watumishi wale huwezi kuacha ofisi bila makabidhiano. Anayeondoka anaonyesha kila kitu, anayeingia anakagua, wote wawili wanatia saini, mhuri unagongwa, wanapeana mikono. Bila hivyo bado uko kazini. Kwa hiyo Babu, bila mshahara, bila meza na bila bosi, akaendelea kuwa kazini.

Na sisi akatuajiri humo humo. Chumba tulicholala wajukuu kilijaa mafaili hadi dirishani, tukahamishiwa sebuleni kwenye mkeka, pamoja na kuku wa Bibi wanaoatamia. Masika yakiisha, ukungu ukiwa umeshaingia kwenye mafaili, Babu alitutoa wote kwenda kuyaanika juu ya majabali, kila karatasi na kijiwe chake. Upepo wa ziwa unaujua wewe mwenyewe: unatulia mpaka umalize kupanga, ndipo unakuja. Tulikimbizana na mihtasari ya mikutano hadi uani kwa jirani. Mbuzi mmoja alikula taarifa ya mvua ya kituo kizima, na Babu akasimama mbele yake akamkaripia kwa Kiswahili cha ofisini, mbuzi anatafuna tu. Jua linakuchoma utosini, mikono inanuka mende, na kule chini unawaona wenzako wanaogelea. Mpaka leo nikiona mtu anapenda likizo ya mwezi wa sita namshangaa.

Ubaya zaidi, jabali lenyewe lililokuwa tambarare lilikuwa moja, na Bibi alilitaka kwa dagaa wake. Kila mwaka ugomvi ni ule ule.

"Mzee, wenzio wanaanika chakula, wewe unaanika maneno," Bibi alimwambia akiwa na ndoo kichwani.

Babu alimjibu bila kugeuka kwamba pale ni ofisini, na dagaa hawaruhusiwi ofisini. Bibi aliwamwaga hivyo hivyo pembeni, na jioni tulikuwa tunapangusa magamba kwenye barua za wakulima.

Nisiwe mchoyo lakini. Tulijifunza kusoma pale zaidi kuliko shuleni, maana ukiambiwa ukalie pembe ya karatasi isipeperuke, utafanya nini kama si kuisoma? Kulikuwa na barua ya mama mmoja wa Ukerewe aliyesema mizani ya kituo chao inapunguza pamba ya wajane peke yao, na akataka mizani hiyo ipelekwe kanisani ikaapishwe. Tulicheka mpaka tukaanguka. Babu hakucheka. Alituambia mama yule alisikilizwa, mizani ikabadilishwa, na kama barua ile isingetunzwa nani angejua. Tulimwona anatuchosha tu.

Sasa sikiliza jambo linalonifanya nitake kupiga kelele hata leo. Alikuja mwalimu wa historia wa sekondari, Mhaya mmoja mtaratibu, mwanafunzi wake alikuwa amemsimulia habari za makaratasi yetu ya kuanikwa. Akakaa pale jabalini akasoma mpaka chai ikapoa, akawa anatikisa kichwa peke yake.

"Mzee wangu, hii ni hazina," alisema. "Pale shuleni nina kabati la chuma, na dawa ya mchwa ninayo. Naomba unipe niyatunze."

"Barua ya kukutuma uje upokee iko wapi?" Babu akauliza.

"Barua sina, Mzee. Kabati ninalo."

"Kabati halipokei ofisi, mwalimu."

Mwalimu hakukata tamaa. Alirudi na sukari, akarudi tena na mkuu wake wa shule. Babu aliwapa chai, akawasindikiza hadi njia panda kwa heshima zote, na hakuwapa hata karatasi moja. Jikoni Bibi alikuwa anapiga mwiko kwenye sufuria kila Babu alipotamka neno mhuri. Mtu amekuja na kabati! Mtu ana dawa ya mchwa! Na Babu yangu, mwenye akili timamu, anauliza barua.

Barua ikaja kweli. Siku hiyo pikapu ilipanda mlima hadi mawe yalipoikatalia, akashuka kijana wa viatu vinavyong'aa, mmoja wa wale waliopewa kazi ya kufilisi mali za ushirika. Mkononi ana karatasi yenye mhuri. Babu aliisoma, akairudia, akaingia ndani akavaa shati jeupe la Pasaka. Makabidhiano yakachukua siku nzima. Babu anafungua faili, anaeleza kituo, anaeleza mwaka, na yule kijana anatazama saa na kutia saini kabla hajamaliza. Hata sisi watoto tulimwona hasomi. Babu hakuona kitu siku ile. Alipopewa mkono mwishoni aliushika kwa mikono yake miwili, na pikapu ilipoondoka akasimama kuitazama mpaka vumbi lote likatua.

"Nimestaafu," akasema.

Sijapata kumwona mtu aliyefurahi vile. Kesho yake alikwenda mwenyewe jabalini kumgeuzia Bibi dagaa, huku anapiga mluzi. Sisi tukarudi kwenye chumba chetu, tukalala tumenyoosha miguu, na nyumba nzima ikapumua.

Haukupita muda mrefu. Nilitoka shule nikapitia kwa jirani yetu, mama wa Kisukuma aliyekaanga karanga kwa chumvi na mchanga, zikitoka za moto zinapasuka ngozi zenyewe. Alinifungia kwenye koni ya karatasi kama siku zote. Nikala nikitembea, na zilipofika chini nikaona wino wa bluu. Ulikuwa mwandiko wa Babu, ule wenye mikia mirefu. Nilimrudia jirani mbio nikamuuliza karatasi amezitoa wapi. Akaniambia kwa furaha kabisa kwamba Kirumba sokoni kuna mtu anauza makaratasi ya ofisini kwa kilo, magumu, hayavuji mafuta haraka, na wauza maandazi wote wanayagombania.

Nilimpelekea Bibi jikoni. Aliukunjua ule mfuko, akaugeuza upande huu na huu. Mwandiko ule alikuwa akiandikiwa nao barua kabla hajaolewa. Akachungulia nje, Babu alikuwa jabalini anageuza dagaa na mluzi wake.

"Ukimwambia utamuua," Bibi alinong'ona. Akajifunga kanga ya pili akaenda kwa jirani, mimi nyuma yake.

"Nipe karanga zote."

"Mayu, mama yangu, kalanga zote hizi? Kuna msiba nyumbani?"

"Msiba hakuna. Mzee wangu amezipenda. Na kesho unifungie tena, lakini kwa karatasi hizi hizi. Gazeti sitaki."

Ndivyo ilivyoanza. Bibi aliyeyalaani makaratasi yale kwa miaka, aliyesema siku moja atayawashia moto apikie ugali, ndiye aliyeanza kuyakomboa mfuko kwa mfuko. Alimaliza ya jirani akaenda Kirumba, yule muuzaji alikuwa ameshasambaza karibu yote, ikabidi amfuate kila muuza maandazi na kila muuza sambusa. Nyumbani tulikula karanga mpaka zikatutoka masikioni. Karanga kwenye mchicha, karanga kwenye kisamvu, karanga kwenye uji wa asubuhi, karanga za kubeba shuleni. Tumbo limevimba na huruhusiwi kusema. Babu akitoka kwenda kuteka habari za mjini kwa wazee wenzake, Bibi anawasha pasi ya mkaa, anaweka karatasi katikati ya vitambaa vya zamani, ananyoosha mikunjo na kufyonza mafuta kadiri alivyoweza. Halafu anayafunga kwenye mfuko wa naironi na kuyaficha chini ya gunia la dagaa, mahali ambapo Babu asingegusa. Sasa anakuja mtu kuniambia hayakutunzwa vizuri.

Na Babu naye, ukimsikia! Kila baba yangu alipotoka mjini, Babu alimuuliza kama kule yalikopelekwa yamepangwa kwa vituo au kwa miaka. Baba alijibu kwa vituo. Siku nyingine alijibu kwa miaka. Alikuwa anatoka nje kuwasha sigara ambayo hakuwa anavuta.

Sasa kule kwetu ukienda hutapatambua. Majabali yamezungushiwa kuta, lile tambarare mtu amelipasua akatoa kokoto za kujengea vyumba vya kupangisha. Jirani wa karanga alihamia Buswelu na watoto wake. Mwalimu wa historia alihamishwa, sijui alikoishia yeye na kabati lake. Sehemu kubwa ya makaratasi ililiwa na watu wa Kirumba wasiojua wanachofungulia midomo, ikafutiwa mikono, ikatupwa mtaroni, mvua ikayasomba hadi ziwani. Ile barua ya mama aliyetaka mizani iapishwe hatukuipata. Naikumbuka mimi, na nikiwaambia watoto wangu wananiona natunga. Inaniudhi sana, na sijui hasira hizo nimpelekee nani, maana yule wa viatu vinavyong'aa alitia saini ya kupokea na yule aliyekabidhi alikabidhi kihalali.

Babu aliishi miaka kadhaa baada ya makabidhiano yale. Mwishoni alikuwa hatembei mbali, anatolewa kiti nje jioni, na Bibi anakaa karibu yake akichambua kitu kwenye ungo. Jioni moja nilikuwa namenya viazi pale pale mlangoni. Bibi alikuwa amemwekea bakuli la karanga kama kawaida, naye anazitafuna pole pole, macho ziwani.

"Mama watoto," akasema, "karanga za leo zilikuwa za kituo gani?"

Mikono ya Bibi ikasimama kwenye ungo. Mimi nikainamia viazi vyangu. Tulikuwa tumemficha miaka yote ile, na yeye alikuwa anajua, anakula karanga zake na kutuuliza maswali ya vituo na miaka, ili tusijue kwamba anajua.

"Za Nansio," Bibi akajibu mwishowe.

"Nansio." Akatafuna. "Walikuwa wanachelewesha taarifa sana hao. Umeyapata yote?"

"Yote nitayapata wapi, Mzee? Nimepata niliyoweza."

Babu alimalizia karanga za mdomoni. Kisha akapangusa mkono wake wa kulia kwenye suruali, akapangusa tena chumvi iliyobaki vidoleni, akamnyooshea Bibi vile vile alivyomnyooshea yule kijana wa pikapu. Bibi aliutazama mkono ule. Akaweka ungo chini, akapangusa wake kwenye kanga, akaushika.

"Basi umepokea wewe," Babu akasema.

"Nimepokea," Bibi akasema, na akamsogezea bakuli, maana karanga zilikuwa bado nyingi.