Pole na Safari, Bwana

Kokugonza wa Ihanda alikuwa mwanamke ambaye kicheko chake kilifika kabla yake. Ukisikia mtu anacheka huko kwenye migomba, huna haja ya kuuliza ni nani. Penye harusi yeye ndiye aliyesimamia masufuria, akionja mchuzi kiganjani na kuwatimua kwa mwiko wadokozi wa nyama. Usharikani aliimba kwa nguvu hata mwalimu wa kwaya akamwomba, kwa adabu zote, asimame mstari wa nyuma.

Kisha mumewe Elick akafariki. Ilianza homa wakati wa kuvuna kahawa, wakadhani ni malaria ya kawaida, na kahawa ile haijakauka uwanjani wakawa wanamzika kibanjani, shamba la migomba na kahawa nyuma ya nyumba, karibu na mibuni aliyoipanda kwa mikono yake.

Watu walikuja kumfariji, na walikuja kwa wema. "Jikaze, mama," wakamwambia. "Usilie sana, utamkosea Mungu." Akajikaza. Alijikaza hata akawa mkavu kama gogo. Kanisani alikwenda kama kawaida, ila kusali kukamshinda. Kila akifumba macho alimwona Yesu wa ile picha ya sebuleni: kanzu nyeupe pe, nywele zimechanwa vizuri, hana hata tone la jasho. Huyu nitamweleza nini, alijiuliza, kuhusu kitanda kilichobaki wazi upande mmoja?

Agnetha, jirani yake na kiongozi wa jumuiya, aliliona hilo. Hakumhubiria. Alipanga tu kwamba ibada ya jumuiya ifanyike nyumbani kwa Kokugonza, na desturi yao ni mwenyeji kusoma Neno.

Siku hiyo Kokugonza alitoka kupalilia moja kwa moja akaketi mkekani, udongo mwekundu ungali miguuni. Akasoma habari za Yesu na yule mama Msamaria. Alipofika pale Yesu alipoketi kisimani kwa uchovu wa safari, akaweka kidole kwenye mstari. Akarudi nyuma, akasoma tena. Akainua uso.

"Agnetha, hapa wameandika alichoka."

"Ndiyo, mama. Alichoka."

"Yesu?"

"Alitembea kwa miguu, jua la saa sita mchana. Bodaboda angeipata wapi?"

Wanawake wakaangua kicheko. Kokugonza hakucheka. "Kwa hiyo miguu ilimuuma?"

"Ingeachaje kumuuma? Na kiu ilimshika hata akaomba maji kwa mtu asiyemjua."

Bibi Nyirabageni, mkubwa kuliko wote pale, akadakia kutoka pembeni: "Na rafiki yake Lazaro alipokufa, alilia. Mbele za watu wote."

"Hakuna aliyemwambia ajikaze?"

"Angethubutu nani?"

Hapo Kokugonza akacheka, kicheko chake kile kile cha zamani, na katikati ya njia kikageuka kilio. Alilia kwa sauti, kilio alichokificha tangu msiba. Safari hii hakuna aliyemkataza. Bibi Nyirabageni alijisogeza tu mkekani akamwegemea bega kwa bega, huku Agnetha akipangusa machozi yake mwenyewe kwa upindo wa khanga.

Alipotulia, wakamwomba afunge kwa sala. Akafumba macho.

"Bwana Yesu, shikamoo. Pole na safari. Mimi pia nimechoka. Elick ameondoka na nyumba imekuwa kubwa mno. Wewe kulia unakujua, basi njoo tukae."

"Amina, waitu, mpendwa wetu," akasema Bibi Nyirabageni. Kokugonza akasimama, akajifunga khanga kiunoni. "Sasa mnataka kuondoka bila kula? Kwangu?"

Huzuni haikuisha siku ile. Ziko asubuhi ambazo bado alimsemesha Elick kwenye mibuni. Lakini sala ilimrudia, ikawa mazungumzo ya mtu na mtu: alimweleza Bwana habari za magugu, za mgongo wake, na za mbuzi wake mtundu aliyekula kola ya shati la mchungaji.

Mwaka uliofuata ikaja habari kwamba Prudensia, mke wa mpwa wake kule Igurwa, amefiwa na mama yake. Kokugonza akapanda bodaboda na mkungu wa ndizi. Alimkuta binti amezungukwa na watu, macho makavu, anaambiwa awe jasiri. Akapenya, akaketi chini kando yake, akamshika mkono.

"Lia, mwanangu," akamwambia. "Hata Bwana alilia."

Wakalia wote wawili. Baadaye Kokugonza akaingia jikoni, na ndizi zilipoiva akamsimulia kisa cha mbuzi na shati la mchungaji. Prudensia, aliyekuwa hajatia kitu kinywani tangu jana yake, akacheka hata akapaliwa, kisha akaomba aongezewe mchuzi.