Bunduki Mbili na Sahihi ya Maman

Kwa wiki tatu nilikosa usingizi kwa sababu sikujua kama kitako cha mbao ni bora kuliko cha plastiki. Ndivyo nilivyojiambia wakati ule. Bunduki zilikuwa mbili, zote nusu-otomatiki, zote za risasi ndogo za kulengea shabaha, na mwenye duka kule Auderghem, upande wa pili wa jiji, alikuwa amekubali kuniwekea hadi Jumamosi.

Klabu ya shabaha nilianza kwenda mwaka mmoja baada ya kumaliza chuo, nikiwa nimetuma maombi ya kazi mengi bila jibu. Mimi ni mtu wa kusoma ujumbe mara nne kabla ya kuutuma, na nikishautuma naurudia tena kutafuta kosa. Lakini pale, nimelala kifudifudi na bunduki ya klabu, shavu kwenye kitako, pumzi ikitoka polepole, kichwa changu kilinyamaza. Saa moja kwa wiki. Nilitaka bunduki yangu mwenyewe.

Nikachora jedwali. Ya mbao ilikuwa nzito na ilitulia begani, ila kifyatulio chake kilikuwa kigumu, na mbao huvimba kwa unyevu wa nchi hii. Nyeusi ya plastiki ilikuwa nyepesi, na kitako chake kiliweza kurefushwa kulingana na mkono. Kila nilipoipa moja alama, niliionea nyingine huruma. Mwenye duka, mzee Mbelgiji, alichoka nami.

"Kijana, mke wangu nilimchagua kwa muda mfupi kuliko huu."

"Na ulipata mzuri?"

"Aliniacha. Lakini si kwa sababu ya haraka."

Mwishowe nilielekea kwenye ya mbao, na sababu haikuwa kwenye jedwali. Sheria ya hapa inataka kila mtu mzima anayeishi na mwombaji wa kibali cha bunduki atie sahihi kwamba hapingi silaha kuingia nyumbani. Kwenye fleti yetu ya Jette tuko wawili tu, mimi na maman. Maman aliondoka Kivu kwa miguu, mimi nikiwa mgongoni, baada ya watu wenye bunduki kumtoa kaka yake nje ya nyumba. Zaidi ya hapo hajawahi kunisimulia. Nilidhani ya mbao haitamtisha, kwamba ataiona kama kitu cha mwindaji mzee.

Nilimpa karatasi ya sahihi Jumapili, tumetoka kanisani, kitenge chake bado kiunoni.

"Ni ya mchezo, maman. Ya kupiga karatasi tu."

"Karatasi ilikufanya nini?"

Nilicheka. Yeye alivaa miwani, akatazama picha mbili kwenye simu yangu, akaweka kidole juu ya ile ya mbao.

"Hii hapana. Za bale batu ba kule Kivu zilikuwa na miti hivi. Chukua ile noire, ya plastiki. Bon, nisaini wapi?"

"Maman, unaweza kukataa."

"Mutoto yangu, weye ulisoma. Kama unaona ni muzuri, ni muzuri. Italala wapi?"

"Kwenye kabati la chuma, kwenye korido. Linafungwa na ufunguo."

"Donc nitapita pale kila asubui nikienda kazi."

Hakuwa analalamika. Alikuwa anapima njia. Akaandika jina lake polepole, herufi moja moja, kama anavyoandika kila kitu cha serikali.

Siku mbili baadaye niliingia chumbani kwake kuchukua nguo za kufua. Viatu vyake vya kutembelea vilikuwa kando ya kitanda, vinaelekea mlangoni, kamba zimelegezwa. Pembeni palikuwa na mfuko wa nailoni uliofungwa fundo: vitambulisho vyetu, kadi za matibabu, diploma yangu. Mfuko ule niliujua: ni wa kubeba ukikimbia usiku. Miaka yetu ya kwanza hapa ulilala pale pale kila siku, kisha mwaka mmoja akauingiza kabatini chini ya mablanketi, na hatukuwahi kuuzungumzia.

Alinikuta nimesimama nao mkononi.

"Acha hapo," akasema. "Ni vile tu. Usijali."

Nilijaribu kujitetea kichwani. Atazoea. Silaha yenyewe ni ndogo, kabati ni imara, na sahihi kaitia mwenyewe. Kila hoja ilikuwa sahihi na kila moja ilinitia aibu, kwa sababu aliyetia sahihi alikuwa mtu asiyejua kuninyima kitu.

Jumamosi nilienda Auderghem na kumwambia mzee aziuze zote mbili.

"Bado hujaamua?"

"Nimeamua."

Akazirudisha nyuma ya kioo, moja baada ya nyingine, bila mzaha safari hii. Klabuni ningeweza kuendelea kutumia ya kwao. Lakini ningekuwa narudi nyumbani kila wiki na harufu ya baruti kwenye koti, na maman ndiye angelifua koti hilo. Nikapitia klabuni, nikatoa vitu vyangu kwenye sanduku langu, nikarudisha ufunguo wake.